Kigae Kilichosalimiwa

Katika Mahakama ya Vitu hakuna mtu aliyeapishwa. Kuapa ni kazi ya mdomo, na mdomo ulikuwa umefukuzwa kortini tangu miaka ile ya picha za uongo, ambapo mtu aliweza kuoneshwa akivunja duka ambalo hakuwahi hata kupita mbele yake, sauti ni yake, mwendo ni wake, na kovu la utotoni linaonekana vizuri kabisa shavuni. Baada ya watu kadhaa wasio na hatia kunyongwa kwa ushahidi wa namna hiyo, nchi ilichoka. Sheria mpya ikasema watu wanyamaze, vitu ndivyo viseme. Asiyeipenda alikuwa huru kunung'unika nyumbani kwake.

Siku hiyo kitu kilichosema kilikuwa kigae cheusi, ukubwa wa kiganja cha mkono. Aliyekitafsiria alikuwa Daktari Eliwaza Kitundu, mpimaji mkuu wa Duara la Singida, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, ambaye watu walisema angeweza kutangaza kiama na usingizi usikuishe. Alisimama mbele ya Jaji Nyamhanga na kuonesha ukutani mstari mmoja wa bluu. Mstari ulikwenda tambarare, kisha ukapanda ghafla.

"Mheshimiwa Jaji, hiki ni kizingiti cha manganizi," alisema. "Kila metali ina kizingiti chake. Tunaiangazia eksirei na kuongeza nguvu kidogo kidogo, mpaka ifike nguvu ya kung'oa elektroni iliyo ndani kabisa. Hapo mstari unapanda. Manganizi iliyookwa kwa hewa ya kutosha huwa imenyang'anywa elektroni nne, kwa hiyo zilizobaki inazishika kwa nguvu, kama mzazi aliyebakiwa na mtoto mmoja. Kizingiti chake kinakuwa juu. Iliyonyimwa hewa tanuruni imenyang'anywa tatu tu, na mkono wake ni mlegevu. Kizingiti kinashuka."

"Na hiki?"

"Kimeshuka, Mheshimiwa. Ni cha tatu, cha kunyimwa hewa."

Ukumbi ulipumua. Wanawake waliokaa safu ya mbele walianza kulia, na kila mtu aliwajua ni akina nani: mama za wale watoto njiti waliokufa wodini siku oksijeni ilipokauka. Siku hizo oksijeni ya hospitali haikusafirishwa kwa lori. Ilitoka kwenye vigae vya pumzi, vigae vya oksidi ambavyo vikipashwa moto hutoa oksijeni iliyofungwa ndani yake, na vikipoa huivuta tena hewani. Kigae kilichookwa vibaya hakina cha kutoa. Vigae vya wodi ile vilitoka kwenye tanuru la Bi Zamda Kisuda wa Mkalama, na hiki kilichosomwa kilikuwa ndugu yao wa tanuru moja, akiba ambayo haikuwahi kutumika.

Bi Zamda mwenyewe alikaa kwenye benchi la washtakiwa, mtandio kichwani, mdomo umefungwa kwa sheria. Hakuna aliyemuuliza kama alifunga tundu la hewa la tanuru ili kubana matumizi ya gesi. Kigae kilishaulizwa. Jaji akatangaza kwamba hukumu ingepigwa muhuri Ijumaa, kama ilivyo desturi, na baada ya muhuri mama huyo angepelekwa kambi ya chumvi kwa maisha yake yote.

Askari walipomtoa, Bi Zamda alimtazama Eliwaza. Hakumtazama kwa chuki. Alitikisa kichwa polepole kwa kukubali, mara moja, kama mtu aliyejibiwa swali lililomsumbua, kisha akaenda zake.

*

Duara lilikuwa na adabu zake. Kwa nje lilikuwa jengo la mviringo lililokaa juu ya miamba, kubwa kiasi kwamba mlinzi alilizunguka kwa baiskeli. Kwa ndani elektroni zilikimbizwa kwenye bomba tupu lisilo na hewa, na kila zilipokata kona zilimwaga eksirei kali. Lakini tabia za mahali hazikutoka kwenye mabomba. Zilitoka kwa Profesa Hamdun Shekilindi, mkurugenzi na mjenzi wake, mzee wa Lushoto aliyeamini kahawa na heshima.

Profesa ndiye aliyewafundisha kwamba mgeni hahojiwi mlangoni. Kitu kikiletwa kupimwa, kiliwekwa kitini, mwale wa eksirei ukawashwa juu yake, ukaachwa hapo muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa bila papara, ndipo usomaji uanze. Waliita kusalimia. Kulikuwa na sababu ya kiufundi: vioo vinavyoelekeza mwale vilihitaji kupata joto na kutulia. Vingetulia vilevile kwa kuangazia bamba tupu la chuma, lakini nani anasalimia bamba? Basi wageni wote walisalimiwa, na wapimaji waliofunzwa hapo waliwasalimia wageni kwa moyo mmoja, na wakajisifu kwamba hakuna duara duniani lenye adabu kama lao.

Kulikuwa pia na kigae cha kulinganishia, ambacho hali yake ilijulikana tangu kilipotengenezwa. Hicho kilisomwa baada ya kila mgeni, kuhakikisha mtambo hausemi uongo. Hicho hakikusalimiwa. Kilikuwa mwenyeji, na mwenyeji hapigiwi hodi nyumbani kwake. Kikiwekwa kitini kilisomwa papo hapo, na siku zote kilitoa jibu sahihi, na siku zote wapimaji waliridhika.

Jumatano asubuhi Nkwabi, mwendesha mwale, alikuwa kazini mwili tu. Roho yake ilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binti yake, ambayo yeye alikuwa mwenyekiti wake, na simu haikumpa nafasi ya kumeza mate. Kazi ilikuwa ndogo: kusoma tena pembe ya kigae cha Bi Zamda kwa ajili ya kumbukumbu za mahakama. Aliweka kigae kitini, akawasha mwale, yeye na Eliwaza wakanywa kahawa. Kisha mstari ukatoka, kizingiti kimeshuka, wa tatu, kama walivyotarajia.

Eliwaza aliangalia kamera ya chumba cha kupimia, akaweka kikombe chini.

"Nkwabi, umemweka nani kwenye kiti?"

"Mgeni, Daktari. Kigae cha yule mama wa Mkalama." Akasogea kwenye kioo, akajipiga paji la uso. "Lo! Nimemweka mwenyeji. Nisamehe dada yangu, hii kamati itanizika. Tumekaa hapa tunamsalimia mwenyeji!"

Alicheka sana. Eliwaza hakucheka. Alikuwa anatazama ule mstari, mstari wa tatu, uliotoka kwenye kigae ambacho ulimwengu mzima ulijua kuwa ni cha nne.

"Sogeza mwale," alisema. "Mwenyeji huyohuyo, mahali papya ambapo haujagusa. Na usisalimie."

Nkwabi alisogeza. Mstari ukatoka, kizingiti kiko juu. Wa nne.

"Sasa hapohapo, salimia."

Safari hii hakuna aliyekunywa kahawa. Waliketi wakitazama taa nyekundu ya mwale ikiwaka, na ulipokwisha muda wa adabu walisoma tena. Wa tatu.

Eliwaza alilijua jambo lenyewe. Lilikuwa kwenye vitabu vya mwaka wa pili. Mwale mkali hung'oa elektroni huku na huku ndani ya kigae, zinatangatanga, na nyingine huishia kutua kwenye manganizi, huku oksijeni kidogo ikiponyoka. Manganizi ya nne inarudishiwa elektroni moja na kuwa ya tatu. Alikuwa amewahi hata kulifundisha. Hakuwahi kudhani linatokea kwenye salamu zao, kwa sababu mwenyeji alikuwa akiwatuliza kila siku. Walikuwa wakimtia mgeni jibu mdomoni, kisha wanamuuliza.

"Daktari," Nkwabi alisema, na sasa simu yake ililia akaizima bila kuitazama. "Wageni wangapi tumewasalimia hivi?"

"Wote."

Eliwaza aliogopa. Angependa kusema baadaye kwamba aliogopa kwa ajili ya Bi Zamda, lakini aliogopa kwanza kwa ajili ya jina lake mwenyewe, na aliona aibu kwa hilo.

*

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Kahawa?"

"Leo hapana."

Profesa Shekilindi alimtazama juu ya miwani, akarudisha birika mahali pake. Eliwaza aliweka mistari mitatu mezani, akaeleza kwa maneno machache. Mzee hakubisha. Ndilo jambo lililomuumiza zaidi Eliwaza, kwamba alielewa kabla hajamaliza, na uso wake ukanywea kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Mimi ndiye niliyeanzisha salamu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Profesa."

"Unajua kwa nini nilijenga hili Duara? Kaka yangu Sefu alinyongwa kwa picha. Nilikuwa naye chumba kimoja usiku ule wanaosema aliua. Nilisimama kortini nikasema hivyo, nikaapa, nikalia. Wakaniambia mdomo wa ndugu si ushahidi, picha hii hapa. Watu walikuwa wamebaki bila chochote cha kuamini, Eliwaza. Tukawapa kitu kimoja. Ukisimama kortini ukasema hata hiki kimekosea, watarudi wapi? Kwenye picha?"

"Kuna mtu anakwenda kambi ya chumvi keshokutwa."

"Nakuelewa. Basi sikiliza. Kuanzia leo hatusalimii tena. Tunatumia bamba. Kimya kimya. Kesi za nyuma tutazipitia wenyewe, polepole, tutakapoona pana shaka tutaomba msamaha wa serikali kwa huyu na yule. Na kwa mama huyu nitaandika mwenyewe kwa Jaji kumwombea huruma, kwa sababu ya umri."

Lilikuwa pendekezo zuri. Eliwaza aliligeuza kichwani kila upande na hakuona pa kulitukana. Mahakama ingebaki, Duara lingebaki, makosa yangekoma. Kasoro yake ilikuwa mtu mmoja tu, na hata huyo angeombewa huruma.

"Na kama hakufanya kosa?" aliuliza. "Huruma ya nini?"

"Amelifanya." Profesa alisema kwa upole. "Hukusikia? Jana jioni amekiri kwa mkuu wa mahabusu. Kwamba alifunga tundu la hewa, akaeleza na mkono aliotumia. Kauli hiyo haihesabiki kisheria, lakini mimi na wewe tunaweza kuihesabu. Unataka kubomoa nyumba kwa ajili ya mtu ambaye mwenyewe amesema ndiye?"

Eliwaza aliaga, akatoka, akazunguka Duara lote kwa miguu juani, jambo ambalo lilimshangaza mlinzi wa baiskeli.

Kulikuwa na nusu nyingine ya kigae. Kila kitu kilichofikishwa mahakamani kilivunjwa vipande viwili. Kimoja kilikwenda Duarani, kingine kikafungwa kwenye sanduku la Jaji bila kuguswa. Duara liliweza kukiomba, lakini kwa sharti moja: mpimaji mkuu atamke hadharani kwamba usomaji wa kwanza haufai. Ombi hilo halikuwa limewahi kuletwa. Nusu hiyo ilijua. Kama mama alifunga tundu, ingesema tatu bila kusalimiwa, na Eliwaza angekuwa ameivua nguo mahakama mbele ya nchi nzima kwa ajili ya mwenye hatia. Kama angenyamaza, haingeulizwa kamwe.

Mficha uchi hazai, mama yake alizoea kusema, lakini si methali iliyomwamulia. Wala si wema, ingawa watu waliopenda kumsifu walisema hivyo baadaye. Aliamua kwa sababu alikuwa mpimaji, na kulikuwa na kitu ndani ya sanduku ambacho hakijapimwa, na alijijua kwamba asingelala tena maisha yake yote akikifikiria. Alipiga moyo konde akaenda kwa karani wa Jaji.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

"Daktari Kitundu," Jaji Nyamhanga alisema, "unasema Duara limekosea?"

"Duara halijakosea, Mheshimiwa. Sisi tunaolitumia ndio tumekosea. Tuliviharibu vitu kabla ya kuvisoma."

"Hayo ni maneno ya mdomo. Mahakama hii haiyapokei."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na mwenyeji."

Aliweka kigae cha kulinganishia mezani kwa Jaji. Yakaoneshwa ukutani madoa mawili yaliyosomwa juu yake, moja lililosalimiwa na moja lisilosalimiwa, na mistari yao miwili. Hata mtu asiyejua kusoma aliona kwamba kitu kimoja kimesema mambo mawili. Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja wa safu ya mbele alisimama akapiga kelele, "Msitubadilishie! Mlishatuambia ni nani!" na askari walimkalisha kwa upole, maana hawakujua la kufanya zaidi.

Jaji alisimama, akabeba sanduku mwenyewe kwapani, akasema mahakama inahamia chumba cha mwale, kule Duarani.

Nkwabi alitulizia vioo kwenye bamba tupu. Alikuwa amevaa suti ya kikao cha harusi, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine nzuri ya siku kama hiyo. Nusu ya kigae iliwekwa kitini. Eliwaza alitazama mstari ukianza kuandikwa, tambarare, tambarare, mpaka ukafika mahali pa tatu. Mstari ulipita hapo ukiwa bado chini. Ulikwenda mbele kidogo, ndipo ukapanda.

"Wa nne," alisema, na sauti yake kavu ilikatika katikati ya neno.

Furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa na ya ghafla, akashika meza. Nyuma yake yule mama wa safu ya mbele aliuliza, bila kelele safari hii, "Basi nani?" Jaji aliandika kwamba mtambo wa wodi uletwe, na mabomba yake, na kila kitu kilichokuwa kati ya vigae na pua za watoto. Hakumtazama mama usoni alipokuwa akiandika. Profesa Shekilindi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwomba mlinzi funguo za Duara, akasema kwamba lisingewashwa tena mpaka nusu zote za kesi za zamani zitoke masandukuni. Kisha akaenda kukaa chini kwenye ngazi za nje, mzee peke yake, na watu wakawa wanampisha.

*

Mahabusu ilikuwa nyuma ya mahakama. Eliwaza aliomba aipeleke habari mwenyewe, na hakuna aliyemkatalia.

Bi Zamda alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, anachambua mchele wa askari. Alimkaribisha, akamsogezea nafasi. Eliwaza alimwamkia, akaketi, akamweleza yote: mwale, salamu, nusu ya sandukuni, mstari. Alieleza vizuri, kwa maneno mepesi, na alipomaliza alisema, "Mama, kigae chako kilikuwa kizima. Hukufunga hewa. Uko huru."

Bi Zamda aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Nilifunga, mwanangu," alisema.

"Hapana, mama. Kingekuwa cha tatu."

"Nilifunga. Sikukumbuka mwanzoni. Nilikataa kabisa, nikamwapia mwenzangu wa mahabusu. Halafu wewe ukasimama pale ukasoma ule mstari. Nikajiambia, Duara haliongopi, basi ni mimi niliyesahau. Nikakaa nikatafuta. Nikatafuta, nikaona. Nimeshika kile kifuniko cha chuma, kina moto, nimekisukuma kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na koleo. Nakiona kama ninavyokuona wewe." Aliinua uso. "Wale watoto nimewalilia kama niliyewaua. Siku zote hizi. Juzi ulisoma mstari nikakuamini, leo umesoma mwingine. Nikuamini kwa lipi?"

Eliwaza alifungua mdomo kueleza tena habari za elektroni, akaufunga. Alijisikia mnyonge kuliko alivyowahi kujisikia maishani. Alikuwa amefika na ushahidi bora kabisa ambao binadamu anaweza kuupata, na haukuwa na mahali pa kutua.

Alivua viatu, akapandisha miguu mkekani, akachukua konzi ya mchele akaanza naye kuchambua.

"Usiniamini mimi," alisema. "Niambie siku ile ilivyokuwa. Tangu ulipoamka."

Bi Zamda alishangaa. Askari wa mlangoni naye aligeuka, maana lilikuwa swali ambalo hakuna ofisa aliyemuuliza mtu yeyote nchini tangu yeye azaliwe.

"Niseme tu?"

"Sema, mama. Sina haraka."

Basi alisema. Kwa kusitasita mwanzoni, kisha maneno yakaja. Aliamka goti linamuuma. Kulikuwa na manyunyu, udongo ulikuwa na unyevu, ukamchelewesha. Jirani alikuja kuomba moto wakapiga soga. Alipanga vigae safu kwa safu, akahesabu nafasi kati yake kwa vidole vya mkono, akawasha gesi ndogo, akangoja rangi ya moto igeuke, akachukua koleo kwa mkono wa kulia, akasogea kwenye tundu la hewa, akanyoosha mkono wa kushoto.

Hapo akakwama. Mchele ulimdondoka vidoleni. Alikuwa ameunyoosha ule mkono kweli, mbele ya uso wake, juu ya mkeka, na aliutazama kwa muda mrefu, akiufumba na kuufumbua.

"Hapa," alisema, "sijui tena."